Toba ya nini kwa Plainview?

Kuna mwandishi anayesema filamu ya There Will Be Blood (2007) ingekamilika kama mhusika mkuu, mchimba mafuta Daniel Plainview, angetubu mwishoni. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Toba si tayari tumeiona? Anapiga magoti kanisani, anazabwa makofi na mhubiri Eli, anapiga kelele mbele ya watu kwamba amemtelekeza mwanawe. Na kumtelekeza kweli alimtelekeza: mtoto amepoteza usikivu kwa mlipuko wa gesi kisimani, baba anampandisha treni kisha anashuka kimyakimya. Ila anakubali kubatizwa kwa sababu moja tu, mwenye shamba ameweka sharti hilo ndipo bomba la mafuta lipite kwake. Ile ni biashara, jamani.

Tena mtu huyu tumeonyeshwa mapema alivyo. Mwaka 1898 anaanguka shimoni, mguu unavunjika, anajiburuta jangwani hadi mjini, analala chali sakafuni huku madini yake ya fedha yakipimwa. Hata mazungumzo hayajaanza bado! Nilipoiona mara ya kwanza nilimhurumia, nikasema huyu mpambanaji. Kumbe.

Ukifika 1927 ana jumba zima na uwanja wa bolingi ndani, na mwanawe, sasa mtu mzima, anakuja kumuaga akajitegemee. Badala ya kumtakia heri anamwambia kwa dharau kuwa hakumzaa, aliokotwa tu. Sasa mtu kama huyo ungempa machozi ya dakika ya mwisho, nani angeyaamini?