Ugomvi wa maadili umefunika suala la ugali

Hapa Kenya ukigusa mambo ya LGBTQ, yaani mashoga, wasagaji, watu wa trans na wenzao, watu wanakimbilia dini na maadili, sawa, lakini kuna suala la ugali ambalo hurukwa kila mara. Chukua kesi ya Audrey Mbugua, mwanamke wa trans, yaani alizaliwa akaandikwa mwanaume lakini anaishi kama mwanamke. Masomo yake alimaliza, digrii anayo, ila cheti cha KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, kilikuwa na jina la kiume. Sasa unaingia kwa interviu umevaa rinda na cheti kinasema wewe ni mwanaume, bosi si atadhani umekiokota mahali? Ikabidi aende kotini na Oktoba 2014 Mahakama Kuu ikaamuru KNEC, baraza la mitihani, impe cheti chenye jina lake jipya, bila alama ya jinsia. Yaani miaka inaisha unapigania karatasi tu.

Hata biashara ndogo ni hivyo hivyo. Dada wa trans anauza mitumba, mteja analipa kwa M-Pesa, meseji inaleta jina la mwanaume, mteja anabaki na simu mkononi anamkagua juu mpaka chini, "hii namba ni ya nani?" Kesho ananunua meza ya jirani.

Wenye plot na waajiri nao wana hoja, nyumba ni yangu, imani yangu inakataa, mbona nilazimishwe? Na kifungu cha 162 cha sheria ya jinai, kile kinachokataza ngono "kinyume na maumbile", bado kipo, Mahakama Kuu ilikataa kukifuta 2019. Wengine wanauliza vijana wangapi wana digrii na wamekaa tu nyumbani, kwa nini hawa wapendelewe. Hiyo ya imani naielewa kabisa, lakini hii ya kupendelewa hapana, manake mtu anaomba asifutwe kazi kwa sababu ya alivyo, hajaomba nafasi ya mtu. Na 162 inaadhibu tendo, haisemi popote mtu anyimwe kazi au nyumba. Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji 3 kwa 2, ilisema ulinzi wa kifungu cha 27 cha katiba, kile kinachokataza ubaguzi, unawafikia hata watu wa LGBTQ.

Shida ni kuthibitisha. Landilodi haandiki sababu, anakwambia tu mwanawe anahamia hapo, mwisho wa mwezi utoke. Wiki moja baadaye kibao cha nyumba ya kupangisha kiko getini, na wewe huna hata barua ya kumuonyesha wakili.