Minyororo Iliyo Ndani ya Buti Haizuii Gari Kuteleza

Tangu Novemba 1, 2021, anayeendesha gari katika maeneo ya milima yaliyoainishwa nchini Ufaransa, kuanzia Novemba mpaka mwisho wa Machi, anatakiwa kuwa na kimoja kati ya viwili: matairi ya majira ya baridi kwenye magurudumu yote manne, au minyororo ya theluji ya kufunga angalau magurudumu mawili yanayozungushwa na injini. Barabara nyingi za Italia zina sharti linalofanana na hilo. Kwa askari wa ukaguzi, dereva mwenye matairi hayo na dereva mwenye minyororo wako sawa. Lakini mmoja ana kinga inayofanya kazi muda wote gari linapotembea, na mwenzake ana chuma kilicholala kwenye buti.

Wanaotetea minyororo wana hoja ya kweli. Mtu anayepanda mlimani mara moja kwa mwaka atanunuaje matairi manne ya pili, ayatafutie pa kuyahifadhi, kisha alipe fundi wa kuyafunga na kuyafungua? Tena theluji ikiwa nzito, hakuna mpira unaoshika kama chuma. Jimbo la California, Marekani, lina ngazi tatu za masharti ya minyororo, na ikitangazwa ya juu kabisa, R3, kila gari lazima lifungwe minyororo, hata linalovutwa na magurudumu yote manne na lenye matairi ya theluji.

Tatizo ni kwamba barabara ya mlimani mara nyingi haina theluji mfululizo. Jua linakausha kipande kimoja, kona inayofuata iko kivulini na ina barafu, daraja lina barafu, kisha lami tupu tena. Minyororo haifai kwenye lami tupu: inachakaa upesi, inaweza kukatika, na hata penye theluji mwendo wake kwa kawaida hauzidi kilomita 50 kwa saa. Kwa hiyo dereva huiacha kwenye buti mpaka gari lianze kuteleza, na hapo tayari kachelewa. Muda wote kabla ya hapo ametembelea matairi ya kiangazi, ambayo mpira wake huanza kukakamaa joto likishuka chini ya takriban nyuzi 7 za Selsiasi. Mpira wa matairi ya baridi hubaki laini, na mikato yake myembamba huing'ata theluji. Hayasubiri mtu apige magoti kwenye tope la theluji, vidole vimekufa ganzi, magari yakimpita karibu.

Wengi hufikiria kupanda tu: gari litafika juu au litakwama? Gari lililokwama kwenye mwinuko ni kero. Lililoshindwa kusimama kwenye mteremko ni jambo jingine kabisa. Chukua gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, lenye minyororo mbele na matairi ya kiangazi nyuma. Likiteremka, uzito unaegemea mbele, nyuma panakuwa pepesi. Dereva anashika breki kwenye kona. Mbele panashika vizuri, nyuma hapana kitu cha kushika, na mkia wa gari unachomoka kuelekea ukingo wa barabara. Dereva huyo ametimiza kila sharti la sheria. Ndiyo maana nasisitiza matairi manne yanayofanana, maana breki na usukani vinategemea magurudumu yote.

Wenye magari yanayovutwa na magurudumu yote manne nao wasijidanganye. Uvutaji huo unasaidia kuondoka na kupanda. Ukikanyaga breki, kinachokusimamisha ni mpira ulio chini yako.

Matairi ya baridi nayo yana kasoro zake. Kwenye lami kavu yenye joto huchelewa kusimama na huisha haraka. Mikato yake ikibaki na kina cha chini ya milimita 4, kiwango ambacho Austria imekifanya sharti, uwezo wake kwenye theluji unapungua sana. Alama ya M+S (tope na theluji) ubavuni mwa tairi peke yake haithibitishi kitu, kwa kuwa mtengenezaji huiweka bila jaribio lolote la lazima. Tafuta ile ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji. Ujerumani, ambako minyororo haichukui nafasi ya matairi, tangu Oktoba 2024 inaitambua alama hiyo tu.

Mimi ningefuata njia ya Ujerumani: penye theluji na barafu, matairi yawe sharti, na minyororo iwe nyongeza kwa barabara za juu zaidi. Anayepanda mara moja kwa mwaka anaweza kukodi gari lililokwisha kufungwa matairi hayo, au aache lake bondeni apande basi.