Fundi, Usiisingizie Bahari

Sasa kila ugonjwa wa gari hapa Tanga ni "hali ya hewa". Linatetemeka kwenye sailensa, yaani injini inawaka bila kukanyagiwa mafuta, hali ya hewa. Linabugia petroli, hali ya hewa. Mbu tumewavumilia, bei ya mchele tumeizoea. Lakini hili la fundi kuegemea boneti, akatazama upande wa Raskazone, kisha akatamka kwa sauti ya kadhi anayegawa mirathi, "Hewa ya huku nzito, shehe"? Nina heshima zangu, lakini hapana. Hewa nzito ndiyo injini inayoililia!

Twende Ngamiani, Barabara ya 12. Mashine ya kupimia imechomekwa, presha ya manifoldi, lile bomba linaloigawia injini hewa, inasoma kilopaskali 58 kwenye sailensa.

"Joto limepandisha presha, shehe."

Jamani. Washa swichi, injini usiiguse. Hapo sensa ya presha hiyo inasoma hewa ya nje tu: usawa wa bahari ni kilopaskali 101 hivi, na toka alfajiri hadi jioni kwa kawaida haisogei hata 1. Haya, piga stata, zima AC, injini ipate moto. Nzima inavuta mpaka 30 au 40. Hiyo 58 bahari imeipandishaje? Kuna hewa inaingia kwa mlango wa uani, kupitia tundu, kompyuta inadhani umekanyaga mafuta, inamwaga petroli.

"Basi tubadilishe sensa."

Sensa iliyosema kweli ndiyo ifukuzwe kazi! Bwana, chukua chupa ya kupulizia ya saluni, tia maji, puliza kidogo kidogo kwenye mipira ya vakyumu (ile inayovutwa hewa na injini), kwenye maungio ya mpira wa busta ya breki, na ukingoni mwa gasketi ya manifoldi. Plagi na nyaya ziache. Petroli usithubutu, ekzosi yenye moto iko pale pale. Mlio ukibadilika au namba ikishuka, umempata mwizi. Mara nyingi ni mpira unaoonekana mzima, ukiukunja unakuchekea kwa nyufa. Usipoona kitu, ndipo uanze kuushuku mkanda wa taimingi ulioruka jino, au valvu isiyofunga.

Fundi anakubali. Anapuliza. Anapuliza radieta.

Radieta, waungwana!

Joto lina makosa yake, sikatai. Hewa ya nyuzi 33 ikipashwa hadi 60 chini ya boneti inapoteza karibu asilimia 8 ya uzito, na mguu ukiwa chini kabisa sensa bado inasoma karibu na 100, kwa sababu presha haihesabu oksijeni. Ndiyo maana kuna sensa nyingine ya joto la hewa inayoingia. Unyevu nao, siku ya jasho, mvuke unakalia nafasi ya oksijeni, asilimia 3 hivi. Lakini hizo nyuzi 60 kaleta nani? Fundi huyu huyu, aliyeng'oa bomba la kuvutia hewa ya mbele "ili injini ipumue". Sasa inapumua joto la radieta, na bomba lenyewe limegeuzwa faneli ya oili.

Ukitaka hewa iliyopungua kweli, panda Lushoto, mita 1,400 hivi. Swichi ikiwashwa sensa isome 85 au 86, na nguvu ipungue karibu asilimia 15 kwa injini isiyo na taabo, ile pampu ya kuisukumia injini hewa. Zima AC, shusha gia mapema kabla ya kona, usimlaumu mtu. Ila gari lililoegeshwa Ngamiani likisoma 85 injini ikiwa imezimwa, sensa hiyo inajiona iko Lushoto inanunua kabichi. Angalia kwanza waya na soketi yake, vikiwa vizima ndipo uibadilishe.

Na wewe abiria uliyepakia mifuko sita ya saruji kwenye buti tangu Mombo, halafu kufika Soni unauliza mbona hatupandi, na AC iwashwe kwa sababu mtoto anatapika: mtoto abaki, wewe shuka usukume.