"Anamkimbia": Kwa Nini Mabondia Wakubwa Hupishana

Desemba 1992, jijini London, bondia Riddick Bowe aliuchukua mkanda wake wa WBC, moja ya taasisi zinazotoa ubingwa wa dunia, na kuutumbukiza kwenye pipa la taka mbele ya waandishi wa habari. Mwezi mmoja tu kabla alikuwa amempiga Evander Holyfield na kutwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. WBC ikamtaka apande ulingoni na Lennox Lewis, yeye akaona heri mkanda uende. Ukaenda kweli: Lewis akatangazwa bingwa bila kurusha ngumi. Mashabiki walitoa hukumu siku hiyohiyo, na wengi hawajaibadili mpaka leo. Bowe alimkimbia.

Ushahidi wanao. Katika fainali ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Lewis alimmaliza Bowe raundi ya pili. Mtu akishakupiga hivyo, huna hamu ya kumtafuta. Lakini Bowe huyohuyo alipigana na Holyfield mara tatu, na aliyeyaona mapambano yale hawezi kumwita mwoga. Tazama badala yake alichobaki nacho kiunoni baada ya lile pipa: mikanda ya WBA na IBF, na nafasi ya kujaza ukumbi dhidi ya wapinzani wepesi zaidi. Kambi zilivutana juu ya mgawo wa fedha, na Bowe hakuwa na sababu ya kulegeza. Hakumhitaji Lewis. Baadaye yalipofufuka mazungumzo, Lewis akapigwa na Oliver McCall Septemba 1994, biashara ikafa.

Mimi naona hapo ndipo penye kiini, kuliko kwenye woga. Pambano la wakubwa wawili hukwama pale kila mmoja anapoweza kuchuma kwingine kwa hatari ndogo. Na ndondi imepangwa kwa namna inayowapa nafasi hiyo. Kuna WBA, WBC, IBF na WBO, kila taasisi ina bingwa wake, orodha yake ya wapinzani wa lazima, yaani wale ambao bingwa hana budi kupigana nao, na ada yake. Mapromota wengi wamefunga mikataba na vituo vyao vya runinga, na hakuna anayetaka kumpelekea mshindani wake pambano bora la mwaka. Juu ya hayo kuna vipengele vya mkataba vinavyolazimisha marudiano. Mwaka 2021 Tyson Fury na Anthony Joshua walikuwa wameshakubaliana, kisha msuluhishi akaamua kwamba Fury bado anadaiwa pambano la tatu na Deontay Wilder. Septemba hiyo Joshua akapoteza mikanda kwa Oleksandr Usyk.

Wilder na Joshua wenyewe ni kisa kinachouma zaidi. Mwaka 2018 mmoja alikuwa na mikanda mitatu, mwingine mmoja, na wote hawajawahi kupigwa. Mazungumzo yakaenda yakavunjika, kila kambi ikiapa kwamba mwenzake ndiye hataki. Juni 2019 Andy Ruiz akamwangusha Joshua mara nne, akammaliza raundi ya saba. Februari 2020 Fury akamchakaza Wilder. Desemba 2023 waliwekwa hatimaye kwenye usiku mmoja, ukumbi mmoja, Riyadh, lakini kila mtu na mpinzani wake, ili wakishinda wakutane. Joshua akashinda. Wilder akapoteza kwa pointi mbele ya Joseph Parker.

Wanaotetea kusubiri watakutajia Floyd Mayweather na Manny Pacquiao, na hawakosei. Mazungumzo yalianza mwisho wa 2009, yakakwama kwenye vipimo vya damu vya kusaka dawa haramu, na pambano likafanyika Mei 2015, Mayweather akiwa na miaka 38 na Pacquiao 36. Marekani peke yake lilinunuliwa na wateja wapatao milioni 4.6. Kama hesabu ya duka, subira ile ilikuwa ya busara. Kama ngumi, tuliuziwa chakula kilichopoa.

Siwalaumu mabondia kwa kupiga hesabu. Miaka ya kilele ni michache, kipigo kimoja hushusha thamani ya mtu, na ubongo hauna vipuri. Wakati mwingine hata hofu yao ina msingi. Roy Jones na Dariusz Michalczewski walitawala uzito wa light heavy kwa wakati mmoja, mmoja Marekani, mwingine Ujerumani, na hakuna aliyevuka bahari. Jones aliporwa dhahabu na majaji kweupe Seoul 1988, dhidi ya bondia mwenyeji. Ningekuwa yeye, nami ningeogopa majaji wa ugenini.

Nisichokikubali ni kujificha nyuma ya promota. Terence Crawford na Errol Spence walisubiriwa miaka, na kisingizio kilikuwa kilekile: kampuni tofauti. Crawford akaachana na promota wake mwaka 2021, wakazungumza wenyewe kwa wenyewe, na Julai 2023 wakapigana Las Vegas. Crawford alimsimamisha mwenzake raundi ya tisa. Kumbe simu zilikuwepo siku zote.

Wengine husema dawa ni mfumo wa UFC, kampuni ya mapigano mchanganyiko ya Marekani, ambako kampuni moja inashika mikataba yote na kupanga nani akutane na nani. Mapambano hayakwami sana, kweli. Ila bei yake inalipwa na mpiganaji: mwaka 2024 kampuni hiyo ilikubali kutoa dola milioni 375 kumaliza kesi ya wapiganaji waliodai ilibana soko na kushusha malipo yao. Uhuru wa bondia kusema "hapana, ongeza hela" ndio huohuo unaotunyima mapambano, na sijui kama ningependa anyang'anywe.

Siku hizi fedha za Saudia zinavunja ukuta kwa njia rahisi: kumlipa kila mtu hadi akose sababu ya kukataa. Ndivyo Usyk na Fury walivyokutana Riyadh Mei 2024, na Usyk akawa wa kwanza kukusanya mikanda yote mikubwa ya uzito wa juu tangu Lewis mwaka 1999. Marudiano yalikuwa yameshaandikwa kwenye mkataba, IBF nayo ikataka mpinzani wake wa lazima apewe zamu. Haikutimia miezi miwili, Usyk akaurudisha mkanda wa IBF.