Akhwari alimaliza, Bikila aliacha: nani alivumilia?

Watanzania wengi tulimjua John Stephen Akhwari kabla hatujajua marathoni ni kilomita ngapi. Oktoba 20, 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, alianguka, goti likateguka na bega likaumia. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda zaidi ya saa nzima nyuma Akhwari alipoingia uwanjani akichechemea, bandeji mguuni, giza limeshatanda. Alimaliza wa mwisho, kwa saa 3:25:27. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Katika mbio hizo hizo alikuwemo Abebe Bikila, naye wa Ethiopia, bingwa wa marathoni ya Olimpiki mwaka 1960 kule Roma na 1964 kule Tokyo. Tokyo alishinda wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Mexico alianza na mguu mbovu, akafika kama kilomita 17, akatoka. Hiyo hatuwasimulii watoto.

Sina ugomvi na hadithi ya Akhwari. Aliyewahi kuuguza anaujua uzito wa mgonjwa aliyekata tamaa, na anaijua nafuu ya siku anapoomba uji mwenyewe. Mtu aliyepata kiharusi, mazoezi ya viungo humuuma hasa. Akiyakwepa, mkono unakakamaa. Hapo “jikaze” ni dawa kamili.

Ila Akhwari aliujua mstari wa mwisho uko wapi. Na goti lilipona: mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alishika nafasi ya tano. Presha haina mstari huo. Mjomba wangu alipewa vidonge, akameza mwezi mmoja, akajisikia mzima, akaviacha. Kichwa kilipogonga alijifunga leso na kusema ni uchovu. Kifua kilipobana akaita gesi, akaagiza chai ya tangawizi. Majirani wakamsifu, mzee ana roho ngumu. Siku tulipomfikisha hospitali, daktari alimuuliza maumivu yameanza lini. Akajibu, tena kwa fahari, “Wiki ya tatu hii.” Daktari aliweka kalamu chini.

Nadhani kosa letu liko kwenye kuhesabu. Tunahesabu maumivu ambayo mtu ameyameza, hatuhesabu miaka ambayo amekubali masharti ya mwili wake. (Wanaume ndio tulioharibiwa zaidi, maana tangu utotoni kulia ni aibu.) Maumivu ya kifua ni taarifa, na anayeyanyamazisha hajayashinda.

Bikila aliyeacha mbio alipata ajali ya gari mwaka 1969, akapooza miguu. Mwaka uliofuata alikuwa Uingereza, kwenye michezo ya watu wenye ulemavu ya Stoke Mandeville, akishindana kulenga mishale akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Anayesema mtu huyo hakuwa mvumilivu kwa sababu ya zile kilomita 17 ana kazi kubwa ya kunishawishi.

Mjomba alipona. Vidonge vyake viko kwenye kopo la majani ya chai, kando ya redio. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikianza, anafungua kopo, anameza kimoja na maji ya uvuguvugu, anafunika. Majirani huwa wapo, wanasikiliza habari.