Shenzhen ikibomoa vijiji vyake, mpangaji ahamie wapi?

Katikati ya mwaka 2019 wapangaji wa Baishizhou, wilayani Nanshan katika jiji la Shenzhen, kusini mwa China, walianza kupokea notisi za kuhama. Wengine walipewa wiki chache tu za kufungasha. Walioumia zaidi ni wazazi, kwa sababu mtoto alikuwa ameandikishwa shule ya jirani kwa mkataba wa chumba kilekile kinachobomolewa, na chumba kingine cha kodi ile hakikupatikana karibu. Walikusanyika kwenye ofisi za serikali kuuliza watoto wao wangesoma wapi. Baishizhou ilikadiriwa kuwa na wakazi 150,000 hivi, wamebanana katika majengo zaidi ya 2,000, jirani na bustani ya starehe yenye Mnara wa Eiffel wa kuiga. Wanakijiji wa asili, ambao ndio wenye majengo, walikuwa wachache mno ukilinganisha na wapangaji wao, na hao walijadiliana fidia kwa miaka kabla ya kutia saini. Wapangaji hawakuwa na mtu wa kujadiliana naye.

Wachina huyaita maeneo kama haya chengzhongcun, vijiji vilivyomezwa na jiji. Mjadala wake huwa unaanzia kwenye sura: je, ni uchafu wa kuondoa au urithi wa kutunza? Naona hapo ndipo tunapopotea. La kuuliza kwanza ni hili: kazi ikishakwisha, mhudumu wa mgahawa atapata chumba kwa kodi gani, na umbali gani kutoka kazini kwake? Ukilishika swali hilo utagundua kwamba wanaotaka kubomoa wana hoja nzito kuliko tunavyokubali, na wanaotaka kukarabati wana madhara yao ambayo hayasemwi sana.

Asili ya vijiji hivi ni sheria ya ardhi. Katiba ya China ya 1982 inasema ardhi ya mjini ni ya dola, na ya vijijini ni ya wanakijiji kwa pamoja. Shenzhen ilipofanywa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980, serikali ilihitaji ardhi upesi na kwa bei nafuu. Ikachukua mashamba ya mpunga na mabwawa ya samaki, ikaviacha viwanja vya nyumba, kwa kuwa kuwahamisha watu kungegharimu zaidi. Mkulima aliyebaki bila shamba akawa na kitu kimoja cha kuuza, yaani mahali pa kulala. Alijenga ghorofa mbili, akapandisha hadi sita, hadi nane. Na kila zilipozuka tetesi za kanuni kali, watu walikimbilia kumwaga zege kabla haijaanza kutumika. Mwaka 2004 jiji liligeuza kisheria ardhi ya vijiji iliyobaki kuwa ya mjini, na vijiji vikawa kampuni za hisa za wanakijiji. Kwenye karatasi vijiji vikaisha, mtaani vikaendelea kupangisha.

Bila vyumba hivyo Shenzhen tunayoijua isingekuwepo. Sensa ya 2020 ilihesabu watu milioni 17.56, na kwa muda mrefu zaidi ya nusu ya wakazi wa jiji wamekuwa wakilala kwenye vijiji hivi. Mfumo wa usajili wa makazi, hukou, ambao mizizi yake ni sheria ya mwaka 1958, unamruhusu mtu wa Hunan au Sichuan kufanya kazi Shenzhen miaka nenda rudi huku haki zake za shule na nyumba za serikali zikibaki pungufu. Serikali haikumjengea. Aliyemjengea ni mkulima wa zamani, bila ruzuku ya mtu, na kwa kufanya hivyo aliwapunguzia wenye viwanda gharama ya mishahara. Hili nalisisitiza kwa sababu kwenye michoro ya miradi vijiji huonekana kama tatizo lililolipata jiji, wakati ndivyo vilivyolilea.

Wanaotaka kubomoa nao wasikilizwe, na kwa haki. Majengo yamesogeleana mpaka watu wakayaita ya kupeana mikono, maana jirani anaweza kukushika mkono kutoka dirishani kwake. Chumba cha ghorofa ya pili huwasha taa mchana. Nyaya za umeme zinaning'inia vichwani pamoja na mabomba, pikipiki za umeme huchajiwa chini ya ngazi ambayo ndiyo njia pekee ya kutokea, na madirisha yamezibwa kwa nondo kuzuia wezi. Moto ukizuka chini, aliye juu hana pa kupitia, na gari la zimamoto haliingii kwenye kichochoro. Tarehe 18 Novemba 2017 moto uliua watu 19 katika jengo la vyumba vya kupanga huko Daxing, pembezoni mwa Beijing, lililokuwa na stoo baridi chini yake. Mtu anayesema majengo ya namna hii yaachwe yalivyo kwa sababu yana uhai wa mtaa, aeleze kwanza angewaambia nini wafiwa.

Lakini Daxing inafundisha upande wa pili pia. Baada ya moto ule Beijing ilianzisha operesheni ya siku 40 ya usalama, na maelfu kwa maelfu ya wahamiaji walitolewa vyumbani wakati wa baridi kali, wengine wakiwa na saa chache za kukusanya vitu. Hatari ya moto ilikuwa ya kweli. Dawa iliyotolewa ilimwondoa aliyekuwa hatarini, ikamwacha atafute chumba kingine cha bei ileile, ambacho kwa vyovyote kingekuwa na hatari ileile mahali pa mbali zaidi.

Ubomoaji uliofanikiwa upo, na Guangzhou wanautaja kwa fahari: Liede, kando ya Mto Lulu. Mwaka 2007 sehemu ya ardhi ya kijiji iliuzwa kwa mnada kwa yuan bilioni 4.6, fedha hizo zikajenga maghorofa ya wanakijiji, na mwaka 2010, kabla ya Michezo ya Asia, walirudi kwenye nyumba mpya. Majumba ya mababu wa koo yalijengwa upya na mashua za joka zinaendelea kushindanishwa. Kwa mwanakijiji wa Liede huo ni ushindi na sioni sababu ya kumnyima. Alibaki kwao akiwa tajiri zaidi. Wapangaji, waliokuwa wengi kuliko yeye, hawakuwa na nafasi katika hesabu ile, na hakuna kifungu cha mradi kilichowarudisha. Hata kanuni za Shenzhen zilizoanza kutumika Machi 2021, zinazoruhusu serikali kuchukua majengo yaliyosalia pale asilimia 95 ya wahusika wanapokuwa wametia saini, zinahesabu wenye mali peke yao.

Kuna gharama nyingine ambayo kila anayetamka neno uendelevu inampasa aikabili. Sehemu kubwa ya majengo haya ni ya miaka ya 1990 na kuendelea. Ni zege na nondo ambazo zingeweza kudumu miongo mingine ikiwa yataimarishwa. Ukiyavunja, saruji na chuma vilivyokwisha kulipiwa kwa moshi wa viwanda vinakuwa kifusi, halafu unatengeneza vingine vingi zaidi kwa ajili ya minara. Na kifusi hakipotei. Tarehe 20 Desemba 2015, huko Guangming, kaskazini ya Shenzhen, mlima wa udongo na taka za ujenzi uliorundikwa kwenye machimbo ya zamani uliporomoka, ukafukia majengo 33. Watu 73 walifariki na wanne hawakuonekana. Mradi unaojiita wa kijani kwa sababu ya bustani zilizo juu ya paa unapaswa kuonyesha pia kifusi chake kilikwenda wapi.

Basi tukarabati? Hapa ndipo ninapowaomba wenzangu wapenda vijiji wasiwe na haraka ya kushangilia. Mfano unaopendwa ni Shuiwei, wilayani Futian, ambako majengo 29 ya kupeana mikono yalibakizwa, yakaunganishwa kwa lifti na vijia vya juu, ukuta wa rangi nyingi, sehemu za kufulia na bustani za darini, yakatoa nyumba 504 mwaka 2017. Kama kazi ya usanifu ni nzuri kweli: inathibitisha kwamba maghorofa yaliyobanana yanaweza kufanywa salama bila tingatinga. Nyumba hizo lakini zilipangiwa wale ambao serikali inawaita vipaji, wasomi walioajiriwa na kampuni zilizopewa mgao. Mfagiaji na muuza mboga hawamo kwenye orodha.

Huko Qinghu, wilayani Longhua, jirani na kiwanda kikubwa cha Foxconn, kampuni inayounganisha vifaa vya elektroniki, ilikuwa shida ya kodi. Kampuni ya Vanke, inayojenga na kuuza nyumba, ilikuwa imeanza mwaka 2017 kupanga majengo ya vijiji kwa jumla, kuyakarabati na kuyapangisha upya. Juni 2018 wafanyakazi wa kiwanda waliandika barua ya wazi wakisema kwamba ukarabati ungewapandishia kodi hadi washindwe, wakadai mishahara iongezwe. Waliona mapema kitu ambacho wataalamu walichelewa kukisema: tingatinga humtoa mpangaji kwa siku moja, rangi mpya humtoa mkataba unapokwisha. Kwa familia inayobeba magodoro ni safari ileile.

Kinachonipa moyo ni kwamba serikali yenyewe ilikwisha liona hilo. Mpango wa Shenzhen wa 2019 hadi 2025 ulitenga kilomita za mraba 55 za vijiji, zaidi kidogo ya nusu ya eneo lake lote, visibomolewe kwa jumla bali viboreshwe. Agosti 2021 wizara ya nyumba ilitoa waraka kwa nchi nzima: ubomoaji kwa kawaida usizidi asilimia 20 ya majengo yaliyopo kwenye eneo la mradi, angalau nusu ya wakazi wahamishiwe palepale au karibu, na kodi isipande zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka. Hicho kifungu cha kodi ndicho chenye thamani kubwa kuliko vyote, na ndicho kigumu kusimamia. Chumba cha kijijini hupangishwa kwa karatasi ya mkono au kupitia dalali aliyekodi jengo zima, na akishabadilisha kitasa na kupaka rangi anasema hiki ni chumba kipya, bei yake nayo ni mpya.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi asidhani haya ni ya mbali. Wafanyabiashara wetu wanaofuata mzigo Guangzhou wanaijua Xiaobei. Pale Dengfeng, kijiji cha mjini katikati ya jiji, ndipo Waafrika wengi walipopata vyumba vya bei nafuu, chakula cha halali na mawakala wa kusafirisha kontena. Upande wa kusini, Kangle na Lujiang karibu na soko la vitambaa la Zhongda, ndiko zinakoshonwa nguo za oda za haraka. Wenye karakana husimama barabarani wameshika nguo ya mfano na bei ya kushona pisi moja. Fundi anaigeuza, anakagua mishono, anakubali au anapita. Utaratibu huo unawezekana kwa sababu kitambaa, cherehani na kitanda vyote viko hatua chache. Guangzhou inataka kuvijenga upya vijiji hivyo na kuihamishia kazi ya nguo Qingyuan, mji ulio kaskazini yake. Wenye mamlaka wanasema, na wana ukweli, kwamba karakana zilizojaa vitambaa chini ya vyumba vya kulala ni hatari. Ila fundi anayelipwa kwa pisi hahamiki kama mashine. Akipelekwa mbali na soko, anapoteza ile oda ya asubuhi ambayo lazima iwe tayari jioni.

Halafu kuna suala la nani analipa. Mtindo wa Liede na Baishizhou ulitegemea bei ya nyumba kupanda daima: kampuni inawapa wenye majengo fidia nono, inajenga maradufu, inauza ziada. Bei zimeshuka. Januari 2024 mahakama ya Hong Kong iliamuru kampuni kubwa ya nyumba ya Evergrande ifilisiwe, na Vanke, iliyoonekana imara, ilitangaza kwa mwaka 2024 hasara ya karibu yuan bilioni 49.5. Serikali kuu imeingia yenyewe. Julai 2023 ilitoa mwongozo wa kuendeleza vijiji katika majiji makubwa zaidi. Oktoba 2024 ikatangaza kuongeza kwenye mpango huo nyumba milioni moja za vijiji vya mjini na za majengo chakavu, wenye mali wakilipwa fedha taslimu ili wakanunue nyumba ambazo zimekosa wateja, na mwezi uliofuata mpango ukapanuliwa hadi karibu miji 300.

Naielewa nia: kusaidia soko la nyumba na kuwatoa watu kwenye majengo hatari kwa wakati mmoja. Hofu yangu ni kwamba nia ya kwanza itaimeza ya pili. Fedha taslimu humfikia mwenye hati tu. Mwenye hati akinunua nyumba iliyokaa tupu, soko linapumua, huku vyumba kumi au ishirini alivyokuwa akipangisha vikiwa vimetoweka kwenye hesabu za jiji. Kwa maoni yangu, jengo lisiloweza kufanywa salama libomolewe, na yapo mengi. Lakini kila kibali cha ubomoaji kiandikwe idadi ya vyumba vya kodi ya chini vinavyoondoka, na idadi hiyo irudishwe ndani ya mwendo uleule wa treni kabla ya notisi kubandikwa. Mpangaji aliyekaa mwaka mzima alipwe gharama za kuhama, na mtoto wake amalize mwaka wa shule palepale. Kiasi cha fedha hizo ni kidogo kando ya fidia za wenye majengo. Shenzhen na Guangzhou zinaweza kuanza na miradi iliyokwisha idhinishwa lakini wapangaji wake hawajapewa notisi.