Usimwambie mtu wa kifafa arudi mwezi ujao

Jumanne nilifika kliniki saa moja asubuhi, nikapanga foleni, nikaandikiwa, nikasogea dirisha la dawa. Dada aliyekuwa zamu alilifungua daftari langu, akalifunga, akanirudishia. "Fenobabito imeisha, dada yangu. Pitia mwezi ujao." Alisema kwa upole, na sina ugomvi naye, maana si yeye aliyeimaliza. Lakini nilitoka pale moyo unaniwaka, na leo siku ya nne bado haujatulia.

Fenobabito ndiyo dawa yangu ya kifafa. Nameza vidonge vitatu kila usiku saa mbili. Mwezi mmoja ni vidonge 90. Hivyo ndivyo alivyoniambia niruke.

Nimeishi na kifafa tangu nina miaka 11. Kwetu ni Mahenge, mkoani Morogoro, na mtu wa Mahenge huhitaji kumweleza kifafa ni nini. Daktari Louise Jilek-Aall, mama wa Kinorwe, aliwatibu wazee wetu huko miaka ya 1960, akakuta watoto ambao wenyeji walisema wanasinzia kichwa: kichwa kinaanguka mbele, kinainuka, kinaanguka tena, chakula kikiwa mkononi. Siku hizi watafiti wanauhusisha ugonjwa huo na usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na vijinzi vyeusi vya kwenye mito ya maji ya kasi. Sisi tulijua mto tu, na tulijua makovu. Nimekua na wenzangu ambao mikono yao ilikunjwa na moto wa jikoni.

Mmoja wao ni mimi. Mama alikuwa anapikia mafiga ya chini kama wanawake wote wa pale. Nilipoangukia moto na kuungua mkono wa kushoto hadi kiwiko, majirani walikuja kumpa pole na kumwambia kwamba aliyeungua hatibiki tena. Mama hakubishana nao. Alimwita mjomba, wakachimba udongo, wakanijengea jiko la kunifika kiunoni, lenye ukingo mpana mbele na mdomo uliogeukia ukutani. Bado naukumbuka ule ukingo, vidole vya mama vimechapwa kwenye udongo mkavu. Nilipika ugali wangu wa kwanza pale. Kisima akakiwekea mfuniko. Kitanda akakikata miguu. Mlango wa bafu ukaondolewa komeo, na hadi leo nyumbani kwangu mlango huo haufungwi kwa ndani.

Ndiyo maana watu wanaponiuliza nimewezaje kuishi vizuri hivi, nina kazi, nina watoto wawili, wakasubiri niwaeleze habari za moyo mkuu na maombi, jibu langu linawapoza. Naomba, ndiyo. Lakini nimeishi vizuri kwa sababu ya jiko lile na kwa sababu ya vidonge vitatu saa mbili usiku.

Na dawa yenyewe si ya ajabu. Fenobabito imetumika kutibu kifafa tangu 1912. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya watu wenye kifafa wanaweza kukaa bila kuanguka wakipata matibabu sahihi, na kwamba dawa za bei nafuu zinaweza kugharimu kiasi cha dola 5 tu kwa mtu mmoja kwa mwaka mzima. Mwaka mzima! Kisha mtu anatoka kijijini kwa nauli inayozidi hiyo, anaambiwa hamna.

Ambalo wengi hawalijui, hata baadhi ya wanaotuhudumia, ni kwamba dawa hii haikatishwi ghafla. Ukiikata kwa mkupuo, ubongo uliozoea kutulizwa unalipuka. Mtu anaanguka, na kabla hajazinduka anaanguka tena, na tena, na wapo wanaofia hapo. Mwaka mmoja nilikosa kwa siku sita. Siku ya saba nilianguka stendi. Nilipozinduka jino la mbele halikuwepo, kwa sababu mtu mwenye nia njema alinisukumia kijiko mdomoni. Jamani, msitutie chochote mdomoni. Mgeuze mtu alale ubavu, sogeza mawe, mwekee nguo chini ya kichwa, tazama saa. Zikipita dakika tano hajatulia, mkimbizeni hospitali. Na mate yetu hayaambukizi.

Narudi kwenye dirisha. Oda ya dawa hupangwa kwa kutazama kiasi kilichotumika kipindi kilichopita. Dawa ikikosekana wiki tatu, na siku hizo zisihesabiwe, kitabu kinaonyesha matumizi yameshuka, na mzigo unaofuata unakuja mdogo zaidi. Sisi tuliorudishwa hatuandikwi popote. Nataka tuandikwe. Kila anayerudishwa mikono mitupu aandikwe jina, dozi na tarehe, na karatasi hiyo ipande juu pamoja na oda. Na ikibidi kugawana kilichobaki, tupewe cha wiki moja moja kila mtu, kuliko wa asubuhi kubeba cha miezi miwili na wa mchana kukosa kabisa.

Sipendi kukiri hili, lakini nalikiri: mama alinipeleka pia kwa mganga, nikachanjwa, na chale ninazo. Hazikunisaidia kitu. Ila mzee yule hakuturudisha hata mara moja. Wakati wowote tulipokwenda tulimkuta, akatukaribisha mkekani, akamwuliza mama amelalaje. Tunawalaumu watu kwa kwenda huko, na mlango wa kliniki zetu wenyewe tunaufunga mwezi mzima.

Dawa ina uchungu wake pia. Asubuhi kichwa kizito, na maneno mengine hunipotea katikati ya sentensi. Nimevumilia.

Mimi nililipia duka la dawa mtaani, kwa kuwa pesa nilikuwa nayo. Nyuma yangu kwenye foleni alikuwepo mama mmoja na kijana wake wa kama miaka kumi na minne, ana kovu bichi shavuni. Alipojibiwa kama mimi alisema tu "haya, asante," akakunja kadi ya mtoto, akaifunga kwenye pindo la kanga, fundo mbili, akamshika mkono wakatoka. Nilibaki nimesimama na daftari langu. Sikumwuliza nyumbani wamebakiwa na vidonge vingapi.